Barua Niliyoipiga Pasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti ya kijivu niliyoinunua Uingereza kwa jasho langu mwenyewe. Nilipanda kilima kutoka mjini Nyeri hadi shuleni kwa miguu, viatu vyangu vyeusi nimevifunga ndani ya gazeti ili tope lisiviguse, nikavivalia langoni. Ninyi walimu vijana nawaambia haya kwa sababu siku hizi mnaingia darasani mmevaa kama watu wanaokwenda kuchuma chai.

Nilikuwa na diploma ya ualimu. Kijijini kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na hakuna mjomba aliyenilipia karo. Kwa miaka mitatu nilipiga pasi mashuka katika chumba cha dobi cha hospitali moja kule ng'ambo, tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi, kisha nikaenda chuoni. Mzungu wala Mwafrika, hakuna aliyenishinda kunyoosha kola. Lakini niliporudi, ilikuwa miaka ya sabini, niliambiwa diploma ya nje peke yake haitoshi. Ilinipasa kufanya muhula mmoja wa mazoezi kama mwalimu mwanagenzi, na mwisho wake Mwalimu Mkuu aandike kama ninafaa au sifai. Nilijiona kama dereva wa lori anayeombwa asukume mkokoteni.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mfupi wa maneno machache. Alisoma diploma yangu upande wa mbele, akaigeuza, akatazama nyuma ambako hapakuwa na kitu.

"Utakaa na darasa la wasioona," akasema. "Mama Njoki atakuonyesha kazi."

"Mama Njoki ana cheti gani?"

"Ana watoto kumi na mmoja wanaosoma."

Mama Njoki alikuwa amekuja shuleni hapo kama mpishi. Alijifunza kufundisha kwa kukaa nyuma ya darasa akimenya viazi, hadi siku mwalimu alipohamishwa na yeye akabaki. Aliniangalia suti, akanipa kiti kilichokuwa na unga wa chaki.

Nieleze kidogo kazi ilivyokuwa. Kila mtoto alikuwa na kibao cha chuma chenye vijidirisha vidogo, na msumari mfupi wenye mpini wa mbao. Karatasi hubanwa ndani ya kibao, na mtoto hutoboa nukta moja moja akianzia kulia kwenda kushoto. Akimaliza huigeuza, na upande wa pili nukta zimeinuka kama vipele. Hizo huzisoma kwa ncha za vidole kutoka kushoto, kama tunavyosoma sisi. Hayo ndiyo maandishi ya nukta nundu. Karatasi zake maalum zilikuwa adimu, kwa hivyo tulitumia kalenda kuukuu tulizopewa na Wahindi wenye maduka mjini. Watoto kumi na mmoja wakiandika kwa pamoja, darasa zima lilisikika kama manyunyu juu ya mabati.

Karibu na dirisha aliketi Nyambura, msichana wa miaka kumi kutoka Kagio. Alikuwa hapo muhula wa pili, na likizo iliyopita hakuna aliyekuja kumchukua. Asubuhi hiyo Mwalimu Mkuu aliingia akatwambia mimi na Mama Njoki, kwa sauti ya chini:

"Baba yake Nyambura anakuja saa nane. Anataka kumtoa. Anasema hapa tunalisha watoto uji tu. Msichana ameandika barua. Akimsomea, nitakuwa na la kumwambia mzee. Asipomsomea, sina."

Barua hiyo hakuna aliyekuwa ameisoma. Mama Njoki alikuwa na sheria kwamba barua ya mtu ni yake, hata kama ana miaka kumi. Alinikabidhi na kusema, "Nitunzie hii, Mwalimu, nikaangalie uji."

Niliitazama. Manyunyu ya dirishani yalikuwa yameilowesha, ikajikunja kama jani la kabichi. Nikaona aibu kwamba mzee ataonyeshwa kitu kama hicho siku yangu ya kwanza. Katika chumba cha matroni palikuwa na pasi ya makaa, bado ina moto. Nukta nundu nilikuwa nimezifanyia mtihani na kuupita vizuri, lakini karatasi nilizoziona ng'ambo zilipigwa kwa mashine, ngumu kama ubao, na sikuwahi kuwaza kwamba nukta za mtoto zinaweza kulala. Mkono wangu uliona mikunjo, ukafanya kazi yake. Barua ilitoka imenyooka kama shuka la hospitali, nami nikaipeleka mezani kwa fahari.

Mzee Gachoki, baba yake Nyambura, alifika na kikapu cha nyanya, gambuti zimejaa matope. Alikalia benchi la watoto, kofia mkononi. Nyambura alisimama mbele yake, akaweka vidole juu ya karatasi. Vikaenda kulia, vikarudi. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Mwalimu, hii haina kitu."

Muthoni, jirani yake, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alinyoosha mkono akaipapasa. "Ai! Imenyolewa kipara!"

Darasa likacheka. Nyambura hakucheka. Mzee Gachoki aliinuka. "Si nilisema? Mumefundisha yeye kupapasa karatasi. Nyambura, leta sanduku."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Ningeweza kunyamaza, na Mwalimu Mkuu asingejua. Lakini niliuona uso wa yule mtoto.

"Mzee, kosa ni langu," nikasema. "Aliandika. Mimi nimeipiga pasi."

"Umepiga barua pasi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na ati wewe ndio ile mwalimu imetoka ng'ambo?"

Mama Njoki husema wazo lililofuata lilikuwa lake. Mimi nakumbuka lilikuwa langu, na tuliache hapo. Muthoni alitolewa nje, akapelekwa hadi jikoni, akishikwa mkono na Mwalimu Mkuu mwenyewe. Kisha nikamwomba mzee amnong'oneze binti yake neno lolote atakalo, naye aliandike.

Alisita. Kisha akainama sikioni kwake. Hakuna kati yetu aliyesikia. Nyambura alibana karatasi mpya akaanza kutoboa, polepole, na katikati akasimama akapangusa pua kwa mkono wa sweta, akaendelea.

Muthoni alirudishwa. Akaigeuza karatasi, akasoma neno kwa neno:

"Kitanda yako iko. Mama hutandika kila Jumapili. Hatujapatia mtu."

Mzee Gachoki aliketi. "Ni mimi nimesema hiyo," akasema, akimtazama Mwalimu Mkuu kana kwamba amebishiwa. "Ni mimi." Akajifunika uso kwa kofia. Alipoitoa, alimuuliza binti yake kwa upole, "Sasa unataka twende, ama unabaki?"

Nyambura aliichukua karatasi kwa Muthoni. "Nitabaki, Baba. Lakini kuja likizo."

"Nitakuja." Na alikuja.

Mwisho wa muhula Mwalimu Mkuu alijaza fomu yangu. Aliandika: "Anafaa. Asipewe pasi."

Baadaye nilifundisha Murang'a, kisha nikaongoza darasa la wasioona Kianyaga, nikarudi Nyeri nikiwa Mwalimu Mkuu katika ofisi ile ile. Sijui wangapi wenu watafika huko. Siku niliyostaafu, Nyambura alikuja kuniaga. Alikuwa mama mtu mzima, anapokea simu katika ofisi moja mjini. Nilimwekea mikononi ile karatasi ya kalenda niliyoipiga pasi. Nilikuwa nimeitunza miaka yote.

"Uliandika nini hapa?" nikamuuliza. Sikuwahi kumuuliza.

Alipitisha vidole juu yake, akatabasamu. "Niliandika, Baba, nitoe hapa. Mmenisahau."

Niliichukua, nikaigeuza, nikaigeuza tena.

"Ningeisoma siku ile, tungeondoka mimi na Baba," akasema. "Lakini aliponiambia kitanda kipo, sikuwa na haraka tena."

"Kwa hivyo pasi yangu..."

"Usianze, Mwalimu."

Diploma yangu imetundikwa sebuleni ndani ya fremu ya mvule, na chini yake, katika fremu kama hiyo, iko karatasi ya kalenda isiyo na kitu. Wageni wakiuliza, mimi huanza kuwasimulia hiyo ya chini.