Kanda Niliyoisikilizia kwa Betri

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka yalinikuta nimekaa, na mie nikaendelea kukaa. Nyumba yetu ilikuwa Temeke, ya vyumba sita vinavyotazamana, na nilikuwa naujua kila ufa wa sakafu yake. Wenzangu walikuwa wanahangaika na mitumba na vibanda vya soda, maana ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kinaingia na kila mtu anauza. Mie nikitumwa dukani nilikuwa narudi na jasho la mtu aliyetoka safari ya Lindi. Mama aliniita mwali.

"Mwali wangu kaamka?" alikuwa anauliza kila asubuhi pale katikati ya nyumba, wapangaji wote wakisikia. "Mpelekeeni chai ndani, asije akatoka akapigwa na jua."

Sikukasirika. Nilikuwa na kazi yangu ya ndani, nayo ni kusikiliza muziki, na naweza kusema bila haya kwamba niliifanya kwa bidii kuliko watu wengi wanavyofanya kazi za kulipwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa anapakua mizigo bandarini, na mabaharia walikuwa wakimpa hiki na kile. Siku moja akaja na kanda isiyo na jalada, maandishi yake ya kalamu yameshafutika. Akanirushia. "Chukua, sie kule imetushinda. Haieleweki kama ni disko au ni msiba."

Nilivyoipiga tu nikajua nimepata mali. Chini kulikuwa na ngoma ya mashine, ile ya disko, haichoki wala haiombi maji. Juu yake kuna ngoma za mkono, za India au za Senegali, sijui. Mwanamke mmoja mwenye sauti nzito kama gunia la chumvi alikuwa anaimba kwa lugha ambayo hata kaka, aliyekwisha kutukanwa na mabaharia wa kila taifa, hakuitambua. Halafu, ukidhani wimbo umekwisha, inaingia tarumbeta ya jazz, peke yake, inatembea kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nikampenda yule mwanamke kwa uzito wake, na ile tarumbeta kwa kuchelewa kwake.

Sasa lazima niseme habari ya umeme. Mgao ulikuwa mkali kipindi kile. Kwetu ulikuwa unakatika asubuhi na kurudi magharibi, na ukirudi redio si yangu tena: baba anataka taarifa ya habari, mama anataka matangazo ya vifo na taarabu. Kwa hiyo kanda yangu niliisikiliza mchana tu, kwa betri. Tena betri zenyewe ni zile ambazo tochi ya baba imeshazikataa. Nilikuwa nazianika asubuhi juu ya bati la banda la kuku, na ikifika saa tano zinakuwa na nguvu ya kuimba nyimbo nne. Mwenye akili ameshaona tatizo. Mie sikuliona, na somo la fizikia nilikuwa nimefaulu.

Chumba cha mbele, kile cha karibu na baraza, alipanga bwana mmoja mtu mzima ambaye sote tulimwita Mjomba. Hakuwa ndugu wa mtu pale. Alikaa muda mrefu mpaka undugu ukamwotea wenyewe. Alikuwa mpigaji wa matarumbeta, wale wanaopanda nyuma ya pikapu na kupuliza harusi inapopita mitaani. Kundi lao liliwahi kuwa la watu saba. Wakati huo walibaki wawili, yeye na mpiga ngoma kubwa, naye yule wa ngoma alikuwa anaumwa mgongo. Watu walikuwa wanataka spika: anakuja kijana mmoja na deki, jenereta na miwani ya jua, harusi imekwisha.

Dada yangu akaposwa. Baba akatamka kwamba harusi itakuwa ya spika, maana tarumbeta ni mambo ya zamani. Jioni ile nilimkuta Mjomba barazani anafuta tarumbeta yake kwa kanga kuukuu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, nimeingia nyumba hii bibi harusi anatambaa. Nimemwogesha kwa sauti ya hiki kitu akiwa analia meno. Sasa harusi ya mlangoni kwangu ikipita bila mie kupuliza, mtu wa Mtoni ataniita kwa lipi? Nitampa fundi bomba, akafungie koki."

Alisema akicheka, lakini mkono uliacha kufuta. Nikaelewa kwamba hakuwa anatania hata kidogo.

Siku ya pili, mchana, akaja kusimama dirishani kwangu. Kanda ilikuwa inaimba.

"Nani huyo anapuliza?"

"Simjui, Mjomba. Mzungu."

"Mzungu ana huzuni hivyo? Kafiwa?"

"Hiyo ndio jazz, Mjomba," nikamjibu kwa utulivu wa profesa. "Wanachelewesha makusudi. Ukiwa na haraka huielewi."

Akaingia, akakaa kitandani, akasikiliza mpaka betri zikafa. Na hapo mie, mtu ambaye sijawahi kupanga hata foleni ya maji, nikapata mpango. Kanda ipigwe kwenye spika, Mjomba apulize juu yake, papo hapo, mbele ya watu. Spika zitakuwepo kwa ajili ya baba, tarumbeta itakuwepo kwa ajili ya Mjomba, na Temeke nzima itaona kitu ambacho Ulaya kwenyewe ndio kwanza wanakijaribu. Nilimweleza baba. Akanitazama kwa muda, labda kwa sababu hajawahi kuniona nimesimama muda mrefu vile.

"Nyimbo moja," akasema. "Wakati bibi harusi anatoka. Ikiharibika, usinitazame mie."

Tukafanya mazoezi wiki mbili, chumbani kwangu, mlango umefungwa, joto la mchana limetukalia vichwani. Tatizo la kwanza lilikuwa sauti. Tarumbeta ina kibomba kinachovutwa kidogo ili ilingane na wenzake. Mjomba alikivuta, akakivuta, mpaka kikakaribia kutoka mkononi.

"Hawa watu wako chini sana," akasema. "Miaka yote hii sijawahi kukuta wimbo umelala hapa. Si huku, si kule."

"Hiyo ni mizani ya Mashariki, Mjomba."

Maneno yale sijui niliyatoa wapi. Mjomba aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na nikajiona nimefaa. Alikuwa fundi kweli. Siku ya nne akawa anaingia na yule mwenzake wa kwenye kanda kama wamelelewa pamoja, anaburuta pale anapoburuta, ananyamaza pale anaponyamaza. Mama akapita ukumbini na ungo wake wa mchele.

"Humo ndani mnapika harusi au matanga?"

"Ni kisasa, mama," nikajibu.

"Basi hicho kisasa kimezeeka kabla yangu."

Siku ikafika. Ndoa ilifungwa baada ya adhuhuri, na alasiri bwana harusi na watu wake wakaja kuchukua mke. Kwetu bibi harusi akishafika kwenye kizingiti kwenda kwa mumewe, harudi nyuma, na wala hatakiwi kusimama. Akisimama, wanasema, mguu mmoja anauacha kwa mama yake, na ndoa inakuwa ya kwenda na kurudi. Sheria hiyo ilisimamiwa na shangazi yetu, muuza samaki wa kukaanga wa Kunduchi, mwanamke ambaye hata pweza walikuwa wakimwogopa. Alikuwa amemshika dada mkono, kamfunika vizuri, wanangoja muziki.

Mjomba alivaa shati lake jeupe la kundi, lenye vifungo vya shaba, amelipiga pasi mwenyewe. Jenereta likanguruma uani. Nikamkabidhi kijana wa spika kanda yangu. "Wimbo wa pili," nikamwambia, kama mtu anayekabidhi funguo za gari. Akabonyeza.

Ikatoka sauti nisiyoijua. Ngoma ya mashine ilikuwa inakimbia kama mtu kaibiwa. Yule mwanamke wangu mzito alikuwa na kisauti chembamba cha binti wa shule. Nikadhani kijana kakosea kanda. Lakini maneno yalikuwa yale yale, na hapo Mjomba, ambaye alikuwa amefumba macho anahesabu, akaingia pale alipozoea kuingia.

Sijui niseme sauti zile ziligongana kama nini. Masufuria yana adabu zaidi. Mjomba akajaribu tena, akakuta mwenzake ameshapita. Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika. Mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi akasema, "Yule mzee kaingia nyimbo ya jirani," na wenzake wakacheka chini ya kanga.

Nikamfuata kijana. "Deki yako inakimbia," nikasema kwa sauti ya mtu mwenye cheti.

"Deki hii?" Akashusha miwani puani. "Jana nimetoka nayo Kinondoni, watu wamecheza mpaka mkeka umechanika. Wewe kanda hii ulisikilizia wapi, braza?"

"Kwenye redio yetu."

"Kwa umeme?"

Nikatazama banda la kuku.

"Kwa betri," akajijibu mwenyewe. "Tena za kuanika."

Walikuwa wamesikia wote. Kicheko kilianzia kwa kaka, kikapita kwa wapangaji, kikafika barabarani. Baba hakucheka. Alinitazama mie moja kwa moja, na nikakumbuka kwamba alinikataza kumtazama yeye tu, yeye hakujikataza.

Pale mlangoni shangazi alikuwa ameona hatari. "Usisimame," akamwambia dada. "Chezesha miguu papo hapo." Basi dada akawa anapiga hatua mahali pamoja, ndani ya mavazi yake yote, kama mgambo yuko gwaride.

"Mjomba," ikatoka sauti yake chini ya ushungi, "mie viatu vinanibana. Nakanyaga hapa mpaka lini?"

Nikamwendea Mjomba. Uso wake ulikuwa umenywea na tarumbeta ameishusha pajani. Nilitaka kumwambia habari za mizani ya Mashariki, ila zilikuwa zimekwisha.

"Mjomba, kosa langu. Wimbo wenyewe ndio huo unaokimbia. Ule tuliojifunza haupo. Ni betri: zilikuwa zimechoka, zinaizungusha kanda polepole."

Akamsikiliza yule mzungu akiwahi.

"Upo," akasema. "Mie ninao." Akamgeukia kijana wa spika. "Baba, zima."

Kanda ikazimwa, likabaki jenereta. Mjomba akaipuliza peke yake, kwa mwendo ule ule wa chumbani kwangu, chini kule kule si huku si kule. Mwanzo ilikuwa nyembamba, na watu walikuwa bado na kicheko midomoni. Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza. Alimnyang'anya mtu sinia tupu la pilau, akaligonga kwa mwiko, pigo moja kwa kila hatua ya dada. Ndipo dada akaacha gwaride, akavuka kizingiti.

Wanawake wakaingiza makofi. Hakuna aliyeujua wimbo, kwa hiyo hakuna aliyeona kosa. Bibi harusi hana haraka, na ule mwendo haukuwa na haraka. Kwa kasi ya kanda ya kweli dada angefika garini kabla mama hajapata chozi la kwanza. Kwa kasi ya Mjomba mama alilia vizuri, akajifuta, akalia tena. Wimbo ulipomaliza mzunguko wa kwanza, mpiga ngoma kubwa, yule mgonjwa wa mgongo aliyekuja kama mgeni mwalikwa, alikuwa ameshageuza ndoo ya maji, kaketi mbele yake anaipiga kama ngoma.

Gari lilipoondoka, yule mwanamke aliyesema nyimbo ya jirani akamfuata Mjomba barazani.

"Ile nyimbo ya wapi?"

"Ya humu ndani," Mjomba akasema.

"Mie namtoa binti yangu mwezi ujao, Mtoni. Nataka hiyo hiyo. Na mpiga sinia awepo."

Mjomba akasema atakuwepo. Aliponipita mlangoni hakunitukana wala hakunishukuru. Aliniambia tu nimletee maji ya kunywa, ya baridi, na nikayafuata mtungini mbio.

Kanda yenyewe nilikuja kuisikiliza kwa umeme siku nyingine, baba hayupo. Ni nzuri. Baadaye nilipata nyingine za aina hiyo, za mashine na jazz na ngoma za watu wa mbali, nikawa nazisifu kwa watu wanaonivumilia. Ila nilikuwa nimepunguza kutoa maelezo.

Harusi ya Mtoni ilipokaribia, shangazi alikuwa amesharudi Kunduchi kwenye makarai yake, na hakuwa tayari kuacha samaki kwa ajili ya binti wa watu. Mjomba akaja chumbani kwangu na sinia mkononi.

"Mjomba, mie nina mafua."

"Mafua hayapigi sinia. Vaa viatu."

Ndivyo nilivyojikuta nyuma ya pikapu mchana kweupe, Temeke yote inanitazama, na saa moja baadaye nimesimama mbele ya mlango wa nyumba nisiyoijua, mwiko unateleza kwa jasho. Mpiga ngoma alikuwa kushoto, safari hii na ngoma yake mwenyewe. Mlango ukafunguka.

"Taratibu kuliko unavyodhani," Mjomba akaniambia, akaweka mdomo kwenye tarumbeta.

Bibi harusi akatoa mguu. Nikagonga. Nilichelewa kidogo, na yeye akachelewa pamoja nami.