Mikono Juu ya Usukani

Dereva wa teksi waliyemwita Kioo alipenda usafi kupita kiasi. Abiria akishuka tu, yeye na ndoo ya maji, mbio kwenye magurudumu. Wenzake walimtania kwamba iko siku ataliosha gari na abiria ndani.

Mwezi huo utani haukumwingia. Kila alipokanyaga breki, usukani ulitetemeka, naye akaamini kinachotetemeka ni mikono yake. Baba yake alianza kutetemeka hivyohivyo, katika umri huohuo, na mpaka anafariki alikuwa akinyweshwa chai na wanawe. Dereva asiye na mikono atakula nini? Kioo hakumwambia mtu. Hofu haina akili.

Mwishowe alikwenda kwa dada yake mkubwa, fundi mwenye gereji yake. "Dada, nitazamie breki tu," alisema, mikono mfukoni.

"Pisha," alisema dada, akashika usukani mwenyewe.

Barabarani alitia mwendo. Usukani ukatulia tuli. "Basi si balansi ya magurudumu." Akavuta breki ya mkono taratibu. Tuli. "Breki za nyuma ni nzima." Kisha akakanyaga breki ya mguu, na ile mikono yake iliyofungua injini tangu ujanani ikaanza kutetemeka. Kioo aliitazama, akaitoa yake mfukoni.

Gerejini, dada alitega kipimo cha mshale kwenye diski ya breki ya mbele, akaizungusha polepole. Kwa macho diski haikuwa na kasoro. Lakini mshale ulikwenda, ukarudi. Kosa lenyewe halikufika unene wa karatasi, na lilikuwa limemnyima usingizi mtu mzima na ndevu zake.

"Unayamwagia magurudumu maji kabla hayajapoa, sivyo?"

"Vumbi, dada."

"Haya, vumbi limetoka na chuma kimepinda."

Diski mpya zilipofungwa, Kioo aliendesha mwenyewe, dada kando yake. Kwenye mteremko akakanyaga breki. Usukani haukutikisika hata chembe. Akaegesha, akanyoosha mikono mbele yake, akaistaajabia kana kwamba amepewa leo.

"Nilidhani ni ule ugonjwa wa baba," alisema.

Dada hakucheka. "Nilijua. Mimi kila asubuhi, kabla sijagusa spana, nainyoosha yangu hivyohivyo."

Kioo akazima injini. Wakainyoosha yote minne pamoja, wakaitazama.