Cheti Alichosoma Baba Mdogo

Saa tisa na robo alasiri, siku niliyoanguka kutoka kwenye mparachichi, baba mdogo alinirudisha Kisondela kutoka zahanati, akatusomea cheti. Nyumbani ni yeye tu aliyejua Kiingereza. Mkono wangu ulinuka spiriti.

"Fracture ni mshtuko wa nyama tu, shemeji," alimwambia mama. "Hahitaji plasta."

"Ndaga fijo," mama alimshukuru. Mimi niliona aibu kwa kulia njia nzima.

Juzi nililikuta neno lile kwenye cheti cha mwanangu, nikafungua kamusi. Asili yake ni neno la Kilatini la kuvunja, na hutumika hata mfupa ukipata ufa mwembamba. Mkono wangu haunyooki mpaka leo. Hela ya plasta aliyopewa na mama hakuirudisha: shilingi elfu tatu.