Oveni ya mama

Leo ndiyo nimejua kuwa oveni ya marehemu mama ilikuwa haipiki kitu.

Kesho hitma yake. Nikataka kupika mkate wa kumimina kwa oveni yake ileile ya gesi.

Nikabadilisha mtungi, nikazibua matundu kwa sindano.
Moto unawaka, joto halipandi. Mkate mbichi vilevile.

Mama mdogo akasema:
"Mwanangu, hiyo mbovu zamani. Mama yako akipikia uani, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Mlimnunulia nyinyi, hakutaka kukuvunjeni moyo."

Na sisi kila Ijumaa tukiusifu mkate, tukiisifu na oveni.
Yeye akijibu, "Alhamdulillahi."

Nishawasha makaa.
Ya juu huwa kiasi gani? Mama mdogo naye hajui.
Anayejua aniandikie.