Salamu Nilizozikata kwa Wembe

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya ni ya kweli. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na ilikuwa mchana kweupe wa Ijumaa, nyumbani kwangu Kanyenye, hapa hapa Tabora, wakati wa Mwingereza. Kuona sikuona kitu. Nilisikia. Na kusikia, mwenzangu, ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Mume wangu Rajabu alikuwa mtu wa redio. Alikuwa akizunguka na mashine yake ya kunasa sauti, mjini na vijijini mpaka Ziba huko, akiwahoji watu wenye majina yao: maliwali, walimu, watunzi wa mashairi, wazee walioandika vitabu vizima kwa mkono na havikuchapwa na mtu. Akirudi, mkataji ni mimi. Nilikuwa fundi cherehani, mkono wangu hautetemeki, basi akanifundisha. Yeye anaweka alama kwa penseli nyeupe pale mazungumzo yanapoanza, mimi napitisha wembe kwenye utepe wa sauti, naunga, na roli inapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam. Kule walitaka robo saa tu, na maswali angeyasoma mtangazaji wao. Kwa hiyo nilikata salamu zote za mwanzo bila hata kuzisikiliza, nikakata na sauti ya mume wangu popote ilipokuwa. Nilibakiza majibu.

"Salamu ziache japo kidogo, mke wangu," alikuwa akiniambia.

"Salamu zitamfundisha nani? Hujambo sijambo, watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo, robo saa imekwisha!"

Anacheka. Vile vipande namtupia mapajani, namwambia akavichome uani, naye anavikusanya kimoja kimoja na kutoka navyo. Jamani, nilimpenda yule mtu. Hata tukigombana, tuligombana huku tunacheka.

Akafa. Homa ya siku nne tu, kwisha. Mimi nikaingia eda.

Eda unaijua: miezi minne na siku kumi ndani, hutoki, huonani na mwanamume asiye maharimu wako. Wifi yangu Mwajuma, dada yake Rajabu, alihamia kwangu kunitunza. Sasa, zile roli Dar es Salaam walikuwa wakimrudishia wakishazitangaza, naye alizipanga kabatini. Ikaja habari kwamba Jumamosi atafika mtu wa redio kuchukua mashine na roli zote. Nikajiambia, kabla hazijaenda, acha nimsikie mume wangu japo mara moja. Picha yake ninayo. Sauti sina.

Wiki nzima nikakaa na ile mashine. Wifi hakupendezwa hata kidogo.

"Eda gani hii ya kujifungia na sauti za wanaume?"

"Wengine wamekwisha kufa, wifi."

"Hao ndio wabaya zaidi!"

Roli ya kwanza, ya pili, ya kumi. Liwali anajibu, na swali halipo. Mtunzi mmoja anaangua kicheko, kumbe amechekeshwa na neno la Rajabu, na neno lenyewe nimelikata. Mume wangu hayumo. Kabati zima, hayumo! Nani kamtoa? Mkono huu huu. Nililia mpaka kichwa kikaniuma.

Ijumaa wanaume wamekwenda msikitini, mtaa kimya, nikawa nasikiliza roli ya mwisho. Ilikuwa ya Mzee Masudi wa Isevya. Huyu ujanani alifuatana na misafara kwenda pwani na kurudi, akiwaandikia wapagazi barua za nyumbani, na uzeeni akaandika kitabu cha njia ile nzima kwa herufi za Kiarabu. Sikupata kuonana naye, lakini sauti yake niliijua. Alikuwa na tabia ya kukohoa mara mbili kabla ya kusema, kisha, "Naam, naam." Nikasikiliza mpaka mwisho. Rajabu hayumo. Nikazima mashine.

"Hodi."

Mtu yuko barazani, nyuma ya pazia la mlango. Akakohoa mara mbili.

"Naam, naam. Wenyewe wapo?"

Niamini ninavyokwambia, sikushtuka. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hana nafasi ya hofu. "Unataka nini?" nikamjibu. "Mwenye nyumba amefariki, na mimi niko eda."

"Pole, mwanangu. Lakini hata salamu?"

Aibu ilinishika, ila na ukaidi ninao. Salamu sikutoa.

"Nimefuata salamu zangu," akasema. "Nilimpa mumeo azifikishe, hazikufika."

"Zimechomwa moto, mzee."

"Hazikuchomwa. Aliniahidi. Tazama chini ya cherehani, kwenye kopo lako la biskuti, chini ya vile vipande vya marekani." Akakohoa tena. "Mimi nimewaandikia watu barua maisha yangu yote. Mpagazi yuko miezi sita mbali na kwao, anataka kumtaja kila mtu kwa jina, mpaka mtoto wa jirani. Nusu ya barua ni salamu. Sikumkatia hata mmoja."

Nikaenda mbio. Kopo ni langu, natupia humo mabaki ya nguo, miaka sikulipekua mpaka chini. Nikatoa marekani. Loo! Vipande vya utepe vimejaa, kila kimoja kimeviringishwa na kufungwa kwa uzi wa cherehani yangu, na kikaratasi chenye mwandiko wa Rajabu: huyu liwali, huyu mwalimu, huyu Mzee Masudi.

Nikarudi mlangoni. "Mzee, nimevipata!" Nikainua pembe ya pazia. Barazani yuko wifi peke yake na ungo wake, anachagua mchele.

"Mzee amekwenda wapi?"

"Mzee gani? Niko hapa tangu adhana. Nakusikia unabishana peke yako, nikasema leo wifi yangu akili zimemruka."

"Mzee Masudi wa Isevya."

Akaweka ungo chini taratibu. "Mzee Masudi alizikwa kabla ya kaka. Kaka mwenyewe alikuja kwangu akitoka mazikoni."

Labda Rajabu aliniambia, nami sikusikiliza. Kipande chake kilikuwa mkononi mwangu. Je, wewe ungeacha? Na mashine inaondoka kesho? Mimi nilikiweka kile kipande, nikawasha.

"Shikamoo, mzee."

Mume wangu! Ni yeye kabisa, na ile haraka yake.

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mke wangu ndiye atakayeyakata haya maneno yako."

"Naam, naam. Nisalimie mkeo sana. Mwambie aniachie japo salamu."

"Hataziacha, namjua!" Akacheka kile kicheko chake. "Lakini nikwambie kitu, mzee. Mimi nauliza tu. Anayesikiliza ni yeye. Nikichoka huko njiani, najua yuko mtu nyumbani atakayeyasikia yote."

"Basi mwambie hivyo."

"Nitamwambia."

Salamu zilikuwa zangu! Zimeletwa mpaka mezani kwangu, nami nikazipitishia wembe. Nililia kwa sauti, na wifi aliyekuwa ameingia na kusimama nyuma yangu akalia pia, kwa kumsikia kaka yake. Utepe ukaisha, roli ikawa inazunguka tupu. Hapo nikakumbuka kwamba yule mzee sikumsalimu. Nikageukia pazia.

"Shikamoo, mzee. Salamu zimefika."

Barazani hapakuwa na mtu. Wifi yuko ubavuni kwangu. Mtu akakohoa mara mbili.

"Marahaba, mwanangu."

Safari hii wifi alisikia. Alinikamata mkono mpaka kucha zikaingia; kovu hili hapa, litazame. Hatukutoka nje. Tulisikiliza kipande baada ya kipande mpaka magharibi, Rajabu akiwaamkia watu, akiulizwa habari za nyumbani, akinitaja. Kumbe alinitaja kwa kila mtu.

Jumamosi yule mtu alikuja, wifi akamkabidhi mashine na roli. Kopo sikulitoa. Sina mashine ya kulisikilizia, na sijali; najua kilichomo.

Tangu siku ile, anayekuja kwangu nasalimiana naye mpaka tumalize, watu na mifugo, hata wali uungue. Jirani zangu wananicheka. Na Ijumaa mchana natandika mkeka barazani, nakaa ndani, nangoja kidogo.

Wewe una haraka, nakuona unatazama mlango. Nenda, lakini mtu akikusalimu, msikilize mpaka mwisho. Mimi nilimpata Mzee Masudi wa kunirudishia salamu zangu. Wewe sijui utarudishiwa na nani.