Mkebe wa Mate

Juzi mjukuu wangu alitoka mazoezini huko Kahawa Wendani, akapasua yai bichi kwenye kikombe, akalimeza mbele yangu. Nilitoka nje nikatapika. Usinicheke, rafiki. Hujui nilikolelewa.

Miaka ya hamsini tulikaa kwenye shamba la mkonge, Ruiru. Uvundo wa mabaki ya mkonge ulituingia hadi kwenye githeri, mahindi na maharagwe aliyopika cucu, nyanya yetu aliyetulea. Kaka yangu alikata mkonge siku za kazi, na Jumapili alipigana ndondi. Mwalimu wake alikuwa askari mstaafu mwenye kitambi, na imani yake ilikuwa moja: "Maji hulainisha mwanaume." Alimnywesha mayai mabichi yaliyokorogwa na nyongo ya ng'ombe, kisha akamkimbiza juani amejifunga blanketi, na gunia juu yake. Akiomba maji alitukanwa.

Siku chache kabla ya pambano na bondia wa Thika, kaka alionekana amezidi uzito. Mwalimu akampa mkebe, ateme mate kutwa nzima mpaka apungue. Kazi ya kuumwaga ilikuwa yangu. Mwanzoni mate yalikuwa mepesi. Baadaye yakawa uzi mzito wa manjano, unavutika, haukatiki. Mpaka leo mrenda, mboga ile inayovutika, haunipiti kooni.

Ulingoni kaka alianguka kabla hajapigwa ngumi ya maana. Midomo ilikuwa imepasuka, ulimi umekauka.

"Inuka, mwanamke wewe!" mwalimu akafoka.

Cucu akapanda ulingoni na kibuyu cha uji, akamsukuma mwalimu kando kwa kiwiko. "Huyu ni mjukuu wangu, si ngozi ya mbuzi ya kuanikwa!"

Watu walicheka. Kaka akanywa, uji ukimtiririka kifuani. Siku zilizofuata alikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi. Hakupigana tena, na figo zilimtesa maisha yake yote.

Mwalimu alipozikwa, walimsifu eti alitengeneza wanaume. Nilikataa kushika udongo wa kumzika.

Mkonge uling'olewa, sasa pale ni nyumba za kupanga. Cucu hayupo, kaka hayupo. Lakini ninachokililia kilipotea mapema zaidi. Kabla ya mtu yule kumpata, kaka alikimbia alfajiri mpaka mtoni kwa sababu tu alipenda kukimbia. Akirudi alikunywa maji kichwa kikiwa nyuma, yakimwagika shingoni, naye anacheka.