Sombe ya Mama Zaina haikuwa na sumu

Mimi ni mjinga, tena mjinga aliyesoma, na huyo ndiye mbaya zaidi. Msinihurumie!

Baba yangu ana wake wawili hapa Kasongo: mama yangu na Mama Zaina. Zamani kidogo mama alipigwa picha ya figo kule Kindu. Walimchoma ile dawa inayofanya viungo vionekane. Tukiwa bado kwenye ua wa hospitali, Mama Zaina akamfungulia sahani ya sombe, majani ya muhogo aliyoyapika mwenyewe. Mama akavimba midomo, vipele vikamtoka mwili mzima. Nani mwingine kama si mke mwenza? Mimi ndiye niliyepiga kelele ya sumu, na familia nzima ikanifuata kama kondoo! Baba akamfukuza, naye Mama Zaina akarudi kwao Lusangi kulima.

Mwaka huu moyo ukamsumbua mama, nikampeleka Bukavu ukapigwe picha. Daktari akamuuliza, "Mama, dawa ya picha haiyakuletea mubaya hata siku moja?"

"Kule Kindu nilivimba..." mama akaanza.

Nikamkatiza. "Hapana, Dokta. Ile ilikuwa mambo ya chakula cha bibi mwenzake."

Mnaelewa kwa nini? Kama ni dawa, basi nilimfukuzisha mtu bure. Nikachagua fahari yangu. Pumbavu!

Wakamchoma. Papo hapo koo likaziba, macho yakageuka, presha ikaanguka. Wauguzi wakanisukuma nje, wakamchoma sindano ya paja, wakampa hewa. Mungu ndiye aliyemrudisha, si mimi.

Alipoweza kusema, daktari akamuuliza tena habari ya Kindu.

"Midomo ilianza kuniwasha mbele ya kufungua sahani, sijala hata kidogo," mama akajibu. "Nilisema. Huyu mutoto wangu alisema kunipita."

Nilipanda pikipiki hadi Lusangi kuomba msamaha. Mama Zaina alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea ugali na sombe, kisha akaita majirani.

"Kula, mwanangu. Nataka batu bakuone."

Nikala yote huku nalia. Nikamwomba turudi nyumbani. "Kwangu iko hapa," akasema, akachukua jembe lake.

Ninyi mnaonusa sumu katika kila chungu cha mke mwenza, endeleeni na upuuzi wenu! Ila daktari akimuuliza mgonjwa, mwacheni mgonjwa ajibu.

Mama yangu yu hai. Kila nikiingia mlangoni anatazama nyuma yangu, kama nimekuja na mwenzake. Sijaja naye.